Ngoja, Hajaitika

Kule Mbololo mtu hakurushii habari kutoka ng'ambo ya bonde hivi hivi tu. Anaita jina lako kwanza. Anaita, ananyamaza, anangoja. Akisikia umeitika ndipo anapoitoa: ng'ombe amezaa, mgeni amefika, fulani ametutoka. Usipoitika atakaa juu ya jiwe lake akingoja hata kivuli kimpite, na habari yake ingali kifuani. Wenyewe husema habari ni kama chungu cha uji wa moto. Humwachilii mwenzako kabla mikono yake haijashika.

Wakio alizaliwa na sauti ya kazi hiyo. Mamake, Mbula, ndiye aliyekuwa mwitaji wa upande wao wa mlima, naye alimfundisha bintiye kila kitu: kuita kwa tumbo wala si kwa koo, kuliburuta jina mwishoni ili upepo ulidake, kugeuza uso kidogo kukiwa na ukungu. Zaidi ya yote alimfundisha kunyamaza.

"Kelele hata mbuzi anapiga," Mbula alikuwa akimwambia. "Kungoja ndiyo kazi."

Halafu Wakio akashuka Voi kuuza ndizi, akaonana na Musyimi, kijana wa Kikamba aliyekuwa akipeperusha bendera za kijani na nyekundu pale stesheni. Mambo ya vijana, hayahitaji kuelezwa sana. Wakaoana. Mbula hakumchukia Musyimi kwa Ukamba wake. Alichokataa ni reli.

"Mtu wa reli hana kilima," alisema. "Leo Voi, kesho Kisumu. Nitakuita kutoka wapi, uniitikie kutoka wapi?" Kisha akakaa kwenye kigoda chake mlangoni, akatamka neno ambalo mlima mzima ulilisikia. "Nenda basi. Siku nitakayosikia sauti yako ikiniita, nami nimekaa hapa hapa na wewe uko huko kwako, nitakuitika. Kabla ya siku hiyo mimi na wewe hatuna neno."

Na neno halikuwepo. Wakio alipopanda mlima kila Krismasi, Mbula alimpa kigoda na kibuyu cha uji, lakini mdomo wake ulikuwa umefungwa. Hata Wakio alipojifungua mtoto wa kike, akampa jina la bibi yake, Mbula, bibi hakusema neno. Jina hilo halikumpa taabu Musyimi, maana kwao Ukambani wamejaa akina Mbula, na mamake mwenyewe alikwisha kupata wajukuu wengi wa jina lake. Habari ile ilipanda mlima kwa midomo ya watu, lakini Mbula hakuihesabu. Kwake yeye, habari ya bintiye huletwa kwa sauti ya bintiye.

Mwanzoni Wakio alijaribu. Alitoka asubuhi na mapema hadi nje ya mji, akauelekea mlima, akaita mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Aliyeitikia alikuwa mbwa wa stesheni. Firimbi ya gari la moshi ilifika Mbololo bila shida, yeye hakufika. Basi sauti yake akaiuzia mayai. Gari la Mombasa likisimama, Wakio alikuwa anapita chini ya madirisha na sinia kichwani, "Mayaaai! Mayai ya motooo!" na abiria waliolala wakaamka kama walioitwa kazini.

* * *

Mwaka wa hamsini na saba, mzee Badawy akaleta redio.

Badawy alikuwa na duka la nguo na mchele karibu na msikiti, na mkewe Zaitun ndiye aliyemfundisha Wakio kupika mahamri na kujibu maneno ya watu wa mjini. Redio ile aliiweka kwenye rafu ya juu, ikiwa na kitambaa alichofuma Zaitun na betri nzito kama tofali. Kuwasha alikuwa akiwasha mwenyewe. Kuzima, hakuna aliyewahi kumwona akizima mbele ya wateja. "Redio ndiyo roho ya duka," alisema. "Nani anazima roho?"

Jioni baraza lilijaa. Mwalimu Elijah, anayefundisha neno la Mungu kule Mbololo, akishuka kununua chumvi na mafuta ya taa hakupanda tena kabla ya kutoa maoni yake.

"Mzee Badawy, sauti isiyo na mwili si jambo la kuchezea. Kwenye Maandiko ni ya Mungu, ama ni ya yule mwingine."

"Na ile simu ya stesheni, mwalimu? Inayosema gari limeshatoka Maungu? Nayo ni ya yule mwingine?"

"Simu unajibu. Yale ni mazungumzo."

"Ramadhani hapa tunasikia Kurani inasomwa Mombasa," Badawy akasema, "kila herufi mahali pake. Shetani gani huyo anayesoma vizuri vile?"

Watu wakacheka. Musyimi, aliyekuwa ameketi juu ya gunia na kofia yake ya reli gotini, akatikisa kichwa. "Mimi shetani simwogopi kwenye redio. Naiogopa serikali." Wakacheka tena, lakini yeye hakucheka. "Jana gari limepita hapa linakwenda kambi ya wafungwa ya Manyani, madirisha yote nyavu za chuma, limejaa watu. Nimesimama na bendera yangu, nikawaona macho. Jioni nikaja hapa, nikasikiliza habari mwanzo mpaka mwisho. Bei ya mkonge nimesikia. Mvua nimesikia. Wale watu sikusikia wakitajwa."

Badawy akakohoa, akaongeza sauti ya redio. "Maneno hayo kayaseme kwako, Musyimi. Mimi nina leseni ya duka."

"Na hizi kura tunazoambiwa Waafrika tutapiga mwaka huu je?" mtu mmoja akauliza, ili kubadilisha upepo.

Mwalimu Elijah akanyoosha koti. "Mimi nimeambiwa nina kura mbili. Moja kwa ajili ya shule niliyosoma, moja kwa ajili ya mshahara."

"Na mkeo?" Zaitun akauliza kutoka ndani, nyuma ya pazia.

"Bado hajapata."

"Basi mgawie moja, mwalimu. Kwani mbili utazifanyia nini, utazikaanga?"

Kicheko kilichotoka hapo kilimshtua punda wa muuza maji, lakini Wakio hakukisikia. Alisimama kwenye ngazi ya duka, sinia tupu mkononi, macho kwenye rafu ya juu. Mtu yuko Mombasa. Anasema, na sauti inafika Voi, ikipita nyika yote ile ambayo ndege mwenyewe huchoka kuivuka.

"Mzee Badawy," akauliza, "hiyo sauti inapanda mlima?"

"Binti yangu, mlima ndio inaupenda. Huku chini ndiko inakokwaruza."

Wakio akaachilia sinia likaanguka kwa kishindo. Zaitun akachungulia pazia, akamtazama usoni, na kwa kuwa alikuwa anaijua habari ya Mbula tangu mwanzo hadi mwisho, akajifunga leso. "Haya," akasema. "Hilo sasa ni letu."

* * *

Gari la matangazo lilifika Voi siku ya soko. Lilikuwa gari la rangi ya majani, na mlango wake wa nyuma ukifunguliwa unaona mtambo wenye magurudumu mawili madogo yanayozungusha utepe. Aliyeuendesha alikuwa kijana mtanashati aliyeitwa Hudson, na kazi yake ilikuwa kupita miji ya njiani akinasa salamu za watu, zirushwe kutoka Mombasa na kila mwenye redio asikie. Watu walipanga foleni kama ya chanjo. Donald wa posta alikuja na tai. Bwana mmoja wa Miasenyi alikuja na jogoo, eti naye asikike.

Wakio alikuwa amevaa gauni la kanisani. Mwanawe Mbula alimwacha na Musyimi stesheni. Tangu alfajiri hakula, alikunywa maji ya uvuguvugu tu kama mamake alivyomfundisha. Zaitun alisimama nyuma yake, akimsukuma kila foleni iliposogea na hata ilipokuwa haijasogea.

Donald alimaliza, bwana wa Miasenyi naye akamaliza. Hudson akampa Wakio ishara, akamsogezea kile chuma cha kusemea.

"Karibu sana, mama. Sema pole pole tu, kama unaongea na mtu nyumbani. Hakuna haja ya kupiga kelele."

Lakini Wakio alikwisha kugeuza uso kuelekea Mbololo. Akavuta pumzi hadi mbavu zikafunguka, akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Maooooo! Mao Mbulaaaa!"

Sindano ya mtambo ikaruka. Hudson akarusha vile vitu alivyovaa masikioni. Huko sokoni watu wakageuka, na jogoo wa Miasenyi akaona ni zamu yake, akawika.

Kisha Wakio akanyamaza.

Utepe ulizunguka. Hudson akamtazama. Watu wakamtazama. Yeye alikuwa anautazama mlima, kichwa kimeinama upande kidogo, sikio limetangulia.

"Mama," Hudson akanong'ona, "sema."

"Ngoja, baba. Hajaitika."

Ah! Soko lilianguka. Kuna waliokaa chini. Donald alishika tai yake isimnyonge kwa kucheka. "Hajaitika! Anangoja redio imwitikie!" Hapo ndipo Wakio alipozinduka akakumbuka yuko wapi, na kwamba anayemwita hayupo ng'ambo ya bonde, na kwamba hata utepe wenyewe hautapanda mlima leo. Uso ukamwaka. Zaitun akamfinya mgongoni.

"Toa habari, mwanangu, toa!"

Akaitoa. Aliitoa upesi upesi: yeye mzima, mumewe mzima, mtoto amepata meno na miguu, jina lake ni Mbula. Alipomaliza alijisikia kama mtu aliyeachilia chungu na chini hakuna mikono.

"Nirudie?" akaomba.

"Utepe wangu unakaribia kuisha, mama, na foleni unaiona." Hudson hakuwa mkali. Hata yeye alikuwa anafuta machozi ya kicheko. "Utasikika Jumamosi alasiri, baada ya habari. Lakini pale uliponyamaza, sijui wakubwa wataonaje. Redio haikai kimya. Ikikaa kimya watu wanadhani imekufa."

Wiki ile Wakio hakuwa na amani mjini. Vijana wa stesheni walimwita, "Mama Mbulaaa!" kisha wakasimama kama nguzo, mkono sikioni. Abiria wa gari la Mombasa walifundishwa mchezo huo na makuli. Hata Musyimi mwenyewe, alipoitwa kula, alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Samahani mama Mbula, nilikuwa bado sijaitika." Wakio akamrushia mwiko, lakini naye akacheka. Kinywa kilicheka, moyo ulikuwa unazunguka kama ule utepe. Kile kimya kingekatwa? Kisingekatwa? Na hata kisipokatwa, akamwuliza Zaitun, ni nani atakayempelekea Mbula redio mlangoni?

"Badawy," Zaitun akajibu.

"Mimi?" Badawy akasema.

* * *

Jumamosi hiyo, kama ungekuwa kwenye njia ya Mbololo, ungeona msafara ambao mlima haukuwa umeuona. Mbele Wakio, mtoto mgongoni. Nyuma yake mzee Badawy katika kanzu iliyokunjwa hadi magotini, amekumbatia redio kama bwana arusi aliyekatazwa kumweka bibi arusi chini. Hakukubali mtu aipokee. Nyuma yake Zaitun na betri kichwani, akiimba, na nyuma ya Zaitun nusu ya baraza la dukani, maana redio ikihama wao watabaki Voi kutazama nini? Musyimi peke yake alikuwa zamu.

"Allah," Badawy akahema kwenye kona ya tatu. "Hawa watu wenu hawakuona mahali pa tambarare?"

"Tambarare hakuna anayekusikia, mzee," Wakio akasema. Miguu yake ilikuwa inapaa.

Mbula alikuwa mlangoni, kwenye kigoda chake, ameikunja mikono. Macho yalikuwa yameanza kumpungukia, masikio hayakuwa na ugonjwa. Aliwasikia tangu bondeni. Mwalimu Elijah, aliyeishi jirani, alikuwa amefika mapema, kwa ajili ya ulinzi wa kiroho, kama alivyosema, ingawa alikuwa amekalia mahali pazuri kuliko wote.

Wakio akasimama nyuma ya watu, karibu na ghala. Hakuthubutu kusogea zaidi.

"Shikamoo, mama," Badawy akasema, akiweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Marahaba. Hicho nakijua," Mbula akasema. "Kililetwa kwa chifu, kwenye baraza. Nilikisikiliza mpaka nikachoka. Kinasema, kinasema, kinasema. Hakikumwita mtu jina. Hakikungoja mtu aitike. Kikamaliza, kikaanza kingine. Mwenye sauti ile hakulelewa na mama."

"Ni serikali, mama," mtu akasema.

"Ndiyo maana." Watu wakaguna kwa raha. "Kanisani Elijah akisema tunaitika Amina. Nanyi huko msikitini?"

"Tunaitika Amin," Badawy akakiri.

"Hata Mungu anaitikiwa. Hicho kisanduku ni nani kisingoje? Msinidanganye eti mwanangu yuko ndani. Mwanangu nilimfundisha. Sauti isiyongoja mimi siiitiki."

Pale penye ghala Wakio akakumbuka utepe. Kile kimya! Kile kimya kilichoichekesha Voi nzima! Akamshika Zaitun mkono. "Wasikikate," akanong'ona. "Bi Zaitun, niombee wasikikate."

Redio ikakataa kuanza. Ilikwaruza, ikapiga mluzi, ikasema Kihindi. Badawy akachukua waya wa eriali, akapanda juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba, akasimama pale mkono juu, kanzu ikipeperuka kama bendera ya Musyimi. Sauti ikaja safi.

Habari zikapita. Zikaja salamu. Donald wa posta alisalimu baba, mama, wajomba, mashangazi, wafanyakazi wenzake na wote wanaomfahamu, kwa pumzi moja. Mbula akasonya. "Huyu atakufa hapumui." Bwana wa Miasenyi akasalimu wateja wake. Halafu mkwaruzo mdogo, halafu:

"Maooooo! Mao Mbulaaaa!"

Mbuzi waliokuwa uani wakainua vichwa. Mtoto mgongoni mwa Wakio akamgeukia mamake, akaligeukia sanduku, akamgeukia mamake tena. Ndani ya sanduku akawika jogoo wa Miasenyi.

Kisha kimya.

Hawakukikata. Kilisikika kivumo tu, kama nyuki aliye mbali. Wakio alikuwa haoni kitu ila uso wa mamake.

"Imekufa," mwalimu Elijah akasema, akanyoosha mkono.

"Usiguse!" Badawy akapiga kelele kutoka juu ya jiwe.

Mbula alikuwa ameinua kidevu. Mikono yake ilikunjuka, ikashika magoti. Kichwa kikainama upande kidogo, sikio likatangulia, na kila aliyekuwepo akaona pale ule mkao Wakio aliutoa wapi. Ndani ya sanduku kijana akanong'ona, "Mama, sema." Na sauti ya Wakio, ndogo, kaidi, ikajibu:

"Ngoja, baba. Hajaitika."

Mbula akasimama. Alishika mwimo wa mlango, akavuta pumzi, na mwanamke yule ambaye mlima ulidhani sauti yake imezeeka akaitika.

"Eeeeeee! Wakiooooo! Nimesikiaaa!"

Kicheko cha soko kilichonaswa sandukuni kikamezwa na sauti yake, na bonde halijamaliza kulirudisha jina, sanduku likajibu, kana kwamba lilikuwa likingoja hapo tu. "Mao, ni mimi Wakio. Mimi mzima. Mume wangu mzima. Mtoto amepata meno, amepata miguu. Jina lake ni Mbula."

"Eee," Mbula akaitikia kila habari, taratibu, kama apokeaye chungu. "Eee. Eee, mwanangu. Eee."

Hapo hapakuwa na baraza tena. Zaitun alipiga vigelegele, wanawake wa Mbololo wakavidaka. Mwalimu Elijah alisema Amina bila mtu kuomba. Badawy aliiachilia eriali ikanasa kwenye ufa wa jiwe, akaruka chini, kiatu kimoja kikabaki juu.

"Na wewe uliye nyuma ya ghala," Mbula akasema. "Uliniita ukiwa huko kwako, nami nimekwisha kukuitika. Unajificha nini?"

Wakio akaja. Alipiga magoti, akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mikononi mwa bibi yake. Mbula akampapasa mtoto meno, akampapasa miguu, kama mtu anayehakikisha habari.

"Umeita vizuri," akamwambia bintiye. "Lakini mwishoni ulikimbia. Nani alikukimbiza?"

"Alinifinya Bi Zaitun."

"Nilimfinya," Zaitun akakubali, machozi yakimtoka. "Nifinye nawe tulipane."

Nyuma yao redio ilikuwa imeendelea. Sauti nzito ya afisa mmoja ilikuwa imeanza kuwaeleza wananchi wajibu wao juu ya matuta ya shamba, bila kumwita mtu, bila kungoja mtu.

"Mzimeni huyo," Mbula akasema.

Watu wote wakamtazama Badawy. Badawy akautazama mlima, akawatazama wateja wake, akamtazama bibi kizee na mjukuu. Akanyoosha mkono, akaizima roho ya duka lake mbele ya watu.

"Baba yake mtoto mwambieni aje zamu ikimwisha," Mbula akasema. "Reli yake aiache huko huko chini. Na wewe Wakio, nenda jiweni. Wa ng'ambo hawajui kwamba nina mjukuu."

"Lakini mao, wamesikia kelele zote hizi."

"Kelele wamesikia. Habari hawajapewa."

Wakio akapanda lile jiwe, akasogeza kando kiatu cha Badawy. Jua lilikuwa linaegemea upande wa Taveta, na bonde lilikuwa limejaa mwanga kama bakuli. Akavuta pumzi hadi mbavu zikafunguka, akaita jina la jirani wa ng'ambo, akaliburuta mwishoni ili upepo ulidake.

Akanyamaza. Na chini yake, watu wa Voi waliokuwa wamemcheka wakanyamaza pamoja naye, wakangoja, mpaka kutoka ule upande wa pili ikaja sauti nyembamba, wazi kabisa:

"Eeeeee!"